Fundi Aliyejibu "Nimesikia" Kutoka Jikoni

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku uwanja wetu wa kuruka kwa miavuli unapofunguliwa baada ya majira ya baridi, na utabiri wa hewa, ambao tangu asubuhi nimeutazama mara nyingi kuliko nilivyokunywa kahawa, unasema anga itakuwa safi, jua, upepo mdogo, siku ambayo kila mrukaji wa huku kaskazini mwa Michigan ameiota tangu theluji ya kwanza, na katika watu wote hao ni mimi peke yangu ninayeomba mvua.

Mimi ni mwanagenzi wa kufunga miavuli ya akiba. Wanachama wa chama chetu cha warukaji wanaijua kazi hii, ila huenda barua yangu ikasomwa na mtu ambaye hajawahi kutoka mlangoni mwa ndege, kwa hiyo niseme kwamba mwavuli mkuu kila mrukaji hujikunjia mwenyewe sakafuni huku akipiga soga, lakini ule wa akiba, unaovutwa pale mkuu unapogoma, haufungwi ila na fundi mwenye cheti cha serikali, ambaye akimaliza hupitisha uzi mwekundu mwembamba kwenye pini ya mkoba wa mgongoni unaobeba miavuli yote miwili na kuubana kwa lakiri ndogo ya madini ya risasi yenye herufi zake, na tangu hapo hakuna jicho linaloona kilichomo mpaka fundi aufungue tena muda wake ukiisha, au mwenyewe auvute akiwa hewani, na akishauvuta, ushahidi wote wa namna ulivyofungwa huwa umepeperuka pamoja na upepo. Ili nami nipewe cheti na herufi zangu ni lazima niwe nimefunga miavuli ishirini chini ya macho ya fundi, nifaulu mtihani wa kuandika, jambo ambalo nimeshalifanya, kisha nifunge mmoja mbele ya mtahini, naye mtahini anakuja kutoka Green Bay Jumanne ijayo.

Fundi anayenifundisha nitamwita Mzee Reino. Ni mjane, karakana yake imeungana na nyumba, na kati ya meza ndefu tunayofanyia kazi na jiko lake pana mlango mmoja tu, ambao haufungwi kamwe kwa sababu joto la jiko ndilo linaloipasha karakana moto. Siku ya kwanza alinifundisha utaratibu ambao yeye mwenyewe alifundishwa na fundi wake: mwanagenzi akimaliza hatua hutaja jina la hatua ile kwa sauti, huondoa mikono mezani, na fundi husogea, hutazama, hugusa kwa kidole, kisha husema neno moja, "Nimeona," na neno lile lisiposemwa, mikono hairudi mezani.

"Sikiliza, binti," aliniambia siku ile. "Ukisema 'breki ya kulia' na hukusikia 'nimeona', hiyo breki haipo. Hata kama umeifunga kwa fundo la baharia, haipo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Huelewi, ila utaelewa."

Januari yote alisimama begani pangu hata nikawa nasikia anavyopumua, na mara mbili aliufungua mwavuli wote nilioumaliza kwa sababu tu kunjo moja halikumpendeza. Februari kazi zilirundikana, kwa kuwa kila mtu huku huleta mkoba wake wakati wa theluji, naye akawa anasimama mlangoni, akinitazama huku mwiko uko mkononi. Ilipofika Machi alikuwa jikoni moja kwa moja, anakoroga supu ya nyama ya kulungu, nami nikitaja hatua yeye hujibu kutoka kwenye sufuria, na sikumbuki ni siku gani neno lile lilibadilika, nakumbuka tu kwamba siku moja nilisema "kamba zimenyooka" na sauti ikarudi, "Nimesikia!" Ningepaswa kuondoa mikono mezani. Lakini niseme ukweli, Mshauri, nilifurahi, niliona kwamba mzee huyu ambaye hamwamini hata mtu wa posta sasa ananiamini mimi, na nikaendelea.

Katika majuma hayo ya "nimesikia" nilifunga mkoba wa dada mmoja dereva wa basi la shule, nitamwita Colleen, na mikoba ya ndugu wawili wanaochimba visima, na wa bibi mmoja mstaafu aliyeuleta wake ndani ya foronya ya maua kwa sababu zipu ya mfuko wake ilikufa, akaulaza mezani na kusema, "Mwache alale vizuri," na wa mwisho kabisa ukawa wa Mzee Reino mwenyewe, kwa maana ni desturi huku kwamba mwanagenzi akikaribia mtihani fundi humpa mkoba wake yeye, naye Mzee aliniletea wake kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, kisha akaenda kumenya viazi. Kwa mwavuli wa akiba ambao utakuwa mgongoni pake yeye mwenyewe alijibu "Nimesikia!" mpaka hatua ya mwisho, akaja, akafuta mikono, akabana lakiri yake, tukala.

Colleen alikwenda Arizona mwezi wa Aprili kuruka kwenye joto. Wiki iliyopita aliingia karakana bila kubisha hodi, chupa ya wiski mkononi, na sote tulijua maana yake, kwa sababu mtu aliyeokolewa na mwavuli wa akiba humpelekea chupa fundi aliyeufunga.

"Yuko wapi huyo mchawi wa vitambaa?" alipiga kelele. "Mzee Reino! Njoo unibusu, niko hai!"

"Punguza sauti, wewe, unanichachushia supu," Mzee alisema, lakini macho yake yalikuwa yameshalowa. "Ilikuwaje?"

"Mkuu ulinizungusha kama feni. Nikaukata, nikavuta wako. Pwaa! Kama mlango wa kanisa. Nikatua kwenye miiba, Mzee, wacha bwana! Muuguzi kijana kanichomoa miiba makalioni saa nzima, na wala hakuniomba namba ya simu."

Nilicheka pamoja nao, kisha nikauliza, sijui kwa nini niliuliza, "Ulifunguka sawasawa?"

"Sawa tu, mpenzi. Ulinigeuza kushoto kidogo, raundi moja hivi, labda mbili, nikashika vishikio, ukatulia. Si kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimening'inia kama nguo kwenye kamba."

Kushoto. Tunapofunga mwavuli wa akiba tunavuta kamba ya usukani kila upande, ndiyo tunayoiita breki, na kuibana nusu kwa kishikio chake, ili mwavuli ufunguke polepole na kwa unyoofu, na upande mmoja ukibanwa na wa pili ukasahauliwa, mwavuli huelekea upande uliobanwa, yaani ukienda kushoto, breki iliyosahauliwa ni ya kulia. Najua pia kwamba huenda haikuwa hivyo, maana mtu akining'inia upande mwavuli hugeuka, na mtu aliyetoka kwenye kuzungushwa kama feni akishika kishikio kimoja kabla ya kingine mwavuli hugeuka, na mafundi wa Arizona waliukusanya ukiwa umetapakaa juu ya mchanga, kwa hiyo hakuna atakayejua kamwe. Ila siku ya mkoba wa Colleen naikumbuka. Nilisema "breki ya kushoto", akajibu "Nimesikia!", kisha simu ya jikoni ikalia, alikuwa binti yake wa Duluth, na mimi nakumbuka mkono wangu uko kwenye ukanda wa kulia, nakumbuka theluji ikaporomoka paani kwa kishindo nikashtuka, halafu nakumbuka tayari ninakunja kitambaa. Katikati pake hapana kitu. Nimepatafuta hapo katikati usiku na mchana, Mshauri, hapana kitu.

Mzee Reino aliipokea chupa, akaipima mkononi, kisha akasema, "Hii si yangu. Lakiri ni yangu, vidole ni vya huyu." Akaifunga shingoni kwa uzi wetu mwekundu, akaiweka kwenye rafu juu ya meza, "Utaifungua Jumanne ukishapata herufi zako," na tangu siku hiyo kila ninapoinua macho kutoka kwenye kazi inanitazama.

Nimejaribu kumwambia. Nilingoja mpaka tukakaa kula.

"Mzee, siku ile ya mkoba wa Colleen, uliniona nikifunga breki ya kulia?"

"Nilikusikia."

"Lakini uliniona?"

Akanitazama juu ya miwani. "Binti, masikio yangu ni mazima kuliko magoti yangu. Hiyo ni homa ya mtihani, nami niliugua hiyo hiyo. Kula, supu inapoa."

Nikala.

Siwezi kuifungua mikoba ile kwa siri, kwa maana nikikata uzi hakuna wa kuufunga tena ila yeye. Nikisema, mtahini atajua kwamba fundi aliweka lakiri juu ya kazi ambayo hakuiona, na huenda wakamnyang'anya cheti, naye tangu mkewe Aili alipofariki hana kingine kinachomtoa kitandani asubuhi, na miavuli yangu ishirini haitakuwa ishirini tena, na yote hayo kwa kosa ambalo huenda halikutokea. Lakini nikisubiri hadi Jumanne nitakuwa na herufi zangu, nami nitaweza kuwaita wenye mikoba mmoja mmoja, kwa kisingizio chochote, nikawafungulia na kuwafungia upya bila mtu kuumia. Ni mwisho wa juma mmoja tu, Mshauri, na miavuli ya akiba haivutwi kila siku. Je, ni haki nimvunjie mzee heshima kwa jambo ambalo hata mimi sijui kama lilikuwepo? Na je, nikingoja hiyo Jumanne, nitakuwa nimetenda dhambi?

Ni mimi,
Mwanagenzi Anayeomba Mvua

*

Mwanagenzi mpendwa,

Usingoje Jumanne. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua mtu mwenye wasiwasi husoma barua akiitafuta sentensi moja anayoitamani, na sikutaka uitafute hapa. Haimo.

Jibu hili nakutumia leo kwa barua pepe. Katika gazeti la chama litatoka wiki ijayo, baada ya wenye mikoba kuyasikia haya kutoka vinywani mwenu wawili na si kutoka kwenye ukurasa wangu.

Sasa nikupe haki yako. Hukulala, hukula kwa raha, umejihoji kuliko ambavyo mtahini yeyote atakuhoji, na ulipomsikia mwanamke akicheka juu ya miiba yake ulikuwa wewe pekee mle ndani uliyesikia neno "kushoto". Sikio la namna hiyo halifundishwi. Nakuambia haya mapema kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza.

Barua yako ni ndefu, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeandika juu ya cheti chako. Umeandika juu ya cheti cha Mzee Reino, juu ya ujane wake, juu ya supu yake, juu ya chupa inayokutazama. Kuhusu ndugu wawili wachimba visima umeandika kwamba wanachimba visima. Wana majina hao, wana wake nyumbani, na Jumamosi asubuhi watajifunga mikanda ya mikoba yao vifuani wakicheka, wakiamini kwamba mle ndani mna breki mbili. Wewe unajua kwamba hujui. Wao hawajui hata hilo. Umeukunja wasiwasi wako vizuri sana, binti, lakini umeufunga kwenye migongo ya watu wengine.

Unauliza kama ni haki kumvunjia mzee heshima kwa jambo usilojua kama lilitokea. Swali hilo umeligeuza nje ndani. Jambo unalolijua kwa yakini limetokea, nawe umeliandika kwa mkono wako: fundi alibana lakiri yake juu ya kazi asiyoiona, si mara moja, bali majuma kadhaa. Lakiri ile haisemi kwamba mwanagenzi ni mwerevu wala kwamba fundi anampenda. Inasema kwamba jicho lenye cheti lilitazama. Halikutazama. Breki ya kulia iwe ilibanwa au haikubanwa, hilo limekwisha kuwa kweli, na halingoji uchunguzi wowote wa Arizona.

Na ule mpango wako wa kuwaita wenye mikoba mmoja mmoja "kwa kisingizio chochote" nimeusoma kwa huzuni. Unataka kuanza ufundi wako, siku ya kwanza kabisa ya herufi zako, kwa uongo mdogo kila nyumba. Herufi hizo utakuwa umezipata vipi? Kwa kumwambia mtahini, ana kwa ana, kwamba ulifunga miavuli ishirini chini ya macho ya fundi. Ilikuwa chini ya masikio yake. Atakuuliza, nawe utajibu nini?

Nanyi ndugu zangu wa chama, mtakaosoma ukurasa huu katika banda la ndege mkiwa mmekalia mikoba yenu, msimcheke binti huyu na msimhukumu mzee wake upesi. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumwambia mtu anayempenda "endelea, nakuamini" kwa sababu tu sufuria ilikuwa motoni? Mzee huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Alimpenda mwanafunzi wake, akamheshimu kabla ya wakati, akamwachia. Kosa la namna hii halina harufu, linaingia nyumbani likiwa limevaa sura ya hisani. Lakini ni kosa, nami namwambia hivyo kwa heshima yote anayostahili: Mzee, yule uliyemlea alikuwa na haki ya kutazamwa mpaka mwisho.

Haya, Mwanagenzi, simama tufanye kazi.

Leo jioni utakwenda kwa Mzee Reino. Usimpigie simu. Usingoje mkae mezani, kwa maana umekwisha kuona kwamba mezani kwake maneno huzimwa kwa bakuli. Ingia karakana, mwite aje kutoka jikoni, na jiko alizime. Iteremshe ile chupa kutoka rafuni, iweke katikati ya meza, na useme hivi, wala usipambe: "Mzee, sijui kama niliibana breki ya kulia ya Colleen. Wewe pia hujui. Mikoba yote uliyoniambia 'nimesikia' inabidi ifunguliwe kabla ya Jumamosi." Kisha nyamaza. Atasema ni homa ya mtihani. Atatania juu ya magoti yake. Huenda akakasirika, na hasira ya mzee mpole ni nzito kuibeba. Ibebe. Usiombe radhi kwa kusema, omba radhi kwa kuchelewa kusema.

Akikubali, na kwa jinsi ulivyomweleza naamini atakubali, anzeni na mkoba wake yeye. Nasisitiza hapo. Yeye ndiye aliyekuambia kwamba breki isiyoonwa haipo, na huo mkoba wake, kwa sheria yake mwenyewe, hauna breki hata moja. Akate uzi kwa mkono wake, mfungue pamoja, mtazame pamoja. Kisha wapigieni simu wengine, wote, usiku huu huu, na sababu iwe ile ile ya kweli. Mtu atanung'unika. Mtu atawaambia hataleta mkoba wake kwenu tena. Ni haki yake, na atakuwa hai kuitumia.

Colleen naye mwambieni, ingawa mwavuli wake ulikwisha kufunguka na hakuna la kuokoa. Alileta chupa kwa sababu aliamini kitu fulani. Mpeni nafasi ya kuamini upya akiwa anajua, au kuichukua chupa yake. Nikimsoma vizuri kutoka kwenye barua yako, atawatukana kwanza na kuwakumbatia baadaye, lakini hilo si la kwenu kulipanga.

Mtahini mpigieni kesho asubuhi, simu ishikwe na Mzee Reino mwenyewe. Taarifa hii ikitoka kinywani mwake ni fundi anayesahihisha kazi yake. Ikitoka kwa mtu mwingine ni fundi aliyekamatwa. Watamfanya nini sijui, na sitakudanganya kwamba hawatamfanya kitu. Jumanne yako imekufa, izike. Miavuli ile ya Machi haihesabiki, utaifunga upya kwa utaratibu wa Januari, yeye akiwa begani, na siku mtahini atakapokuja tena hutakuwa na la kumficha.

Na akikataa? Akikataa, binti, usibishane naye. Mwambie kwaheri kwa adabu, na kabla ndege ya kwanza haijawashwa Jumamosi uwe umesimama mbele ya msimamizi wa usalama wa uwanja ukimtajia mikoba hiyo moja baada ya nyingine. Utalia. Lia ukiwa unatembea kwenda kwake.

Nikuonye jambo moja la mwisho, kwa kuwa litakusumbua kuliko yote. Inawezekana mkaifungua mikoba yote na kukuta kila breki imebanwa mahali pake, nzuri kama kwenye picha ya kitabu. Mzee atakutazama, nawe utajiona mpumbavu uliyebomoa nyumba kwa ajili ya panya asiyekuwemo. Wala hata hapo hutajua habari ya mkoba wa Colleen. Kuanzia sasa utaishi na ule mwanya mdogo katikati ya kishindo cha theluji na kunjo la kitambaa, wala mimi sina dawa yake. Mafundi wa akiba wote wanaishi na kitu kama hicho, kwa maana kazi yao ikiwa njema hakuna anayeiona, na ikiwa mbaya huonwa na mtu mmoja tu, akiwa peke yake, akishuka. Dawa pekee ni jicho la pili. Mliiacha jikoni.

Umeniandikia kwa jina la kubuni, nami kwa miaka yote ya ukurasa huu nimekujibuni nyote kwa jina la kubuni. Niliona ni busara, watu husema zaidi kwa mshauri wasiyemjua sura. Lakini siwezi kukutaka uweke kila kitu mezani nami nikabaki nyuma ya pazia. Mimi si fundi. Sijawahi kubana lakiri maishani mwangu. Nilifundisha watoto historia mpaka nilipostaafu, na siku za jua huruka, ingawa binti zangu wanaona ni wazimu. Nilipofika katikati ya barua yako niliiweka chini, nikaenda kabatini, nikautazama uzi mwekundu kwa muda mrefu. Ulikuwa mzima. Ulikuwa mzuri sana.

Foronya ya maua ni yangu.

Kwa hiyo mimi hamna haja ya kunipigia simu. Kesho jioni nitakuja na mkoba wangu, katika foronya ile ile. Nitahitaji kiti tu, nitakiweka karibu na mlango wa jiko, na mlango huo nitaufunga mimi mwenyewe, hata kama tutatetemeka kwa baridi. Mkoba utaufungua mbele yangu, utaufunga upya mbele yangu, nami sitasema neno. Lakini ukifika kwenye breki ya kulia, itaje kwa sauti, ondoa mikono mezani, na usiirudishe mpaka mzee asogee, ainame, aguse kwa kidole, na sisi wawili tumsikie akisema, "Nimeona."